Saruji kwenye ngome ya 1385?! Huyu nani alimpa mwiko?

Wakuu, heshima kwenu. Kuna mwenzetu humu jukwaani, simtaji, mnamjua. Tunajadili Castello Estense ya Ferrara, Italia, ngome iliyoanza kujengwa 1385 na leo ndani yake mna ofisi za mkoa, yeye anaibuka: "Ukuta ni ukuta. Piga saruji, paka rangi ya maji, wananchi wahudumiwe." UKUTA NI UKUTA! Hata karai limeona aibu.

Ngome ile imezungukwa na handaki lenye maji mpaka leo. Unyevu unapanda kwenye matofali ya kuchoma, unatokea kwenye viungo vya chokaa, ile mistari kati ya tofali na tofali. Ukiziba kwa saruji, maji yanatokea kwenye tofali lenyewe, chumvi inaganda humo, uso unabanduka. Mwisho viungo vimechomoza kama meno ya ngiri, tofali halipo. Eti ukuta ni ukuta!

Kwangua kiungo cha zamani kwa patasi, grainda usiiguse, kina kiwe mara mbili ya upana wa kiungo. Piga brashi, lowesha. Chokaa haidroliki (ile inayoganda hata penye maji) kipimo 1, mchanga mkali 2 na nusu. Funika gunia bichi. Joto likishuka chini ya nyuzi 5, acha kazi. Ukuta ni ukuta, mtu mzima na meno yake!

Karai Tupu: Gazeti lote hili kwa sentensi moja? Jamaa kakuweza 😂

Mpiga Lipu: Saruji inakauka haraka, ofisi inafunguliwa.

Mleta uzi: Na siku ya kuibandua inatoka na ngozi ya tofali. Utamlipa nani?

Waya Mrefu: Nyie mnalilia lipu. Ngome ya Lancaster, Uingereza, ina mahakama mpaka leo. Pitisheni waya wa intaneti kwenye jengo la hivyo muone! Jiwe halitobolewi, unatoboa kiungo tu, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikila kutu kinavimba, jiwe linapasuka.

Karai Tupu: Na kiti cha magurudumu kwenye ngazi za mzunguko?

Boriti Nne: Ulaya ya nini? Ngome ya Lamu ilikuwa jela hadi 1984, sasa makumbusho. Tatizo huku ni boriti. Korija nzima, boriti ishirini, zilizonyooka tano!

Mpiga Lipu: Tano? Unanunua kwa nani?

Boriti Nne: Hata wewe utauziwa hizo hizo.

Waya Mrefu: Ninazo zilizonyooka, njoo PM.