Injini inamwaga oili: ulijuaje inavujia wapi? Tupeane uzoefu

Spana Kumi:
Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa wale waliowahi kuondoa gari asubuhi wakakuta doa jeusi kwenye sakafu. Semeni gari gani, fundi wa kwanza alisema nini, na hatimaye ikabainika nini.

Naanza mwenyewe. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Oili ilikuwa inadondokea pale injini inapoungana na gia boksi. Fundi wa kwanza aliinama, akachungulia, akasimama na jibu tayari: oili sili ya nyuma ya krenki (mpira unaoziba pale mhimili wa injini unapotokea), gia boksi ishuke. Hakuna alichofuta wala kugusa. Nikamuaga kistaarabu, nikaenda kwa mzee mmoja Gerezani.

Huyu hata jeki hakuitoa. Alifungua boneti, akang'oa lile kava la plastiki la juu, akachomoa koili za plagi moja baada ya nyingine. Shimo la plagi la mwisho lilikuwa limejaa oili, kumbe ndiyo sababu gari lilikuwa linatetemeka likiwa silensa, yaani limewashwa bila kukanyaga mafuta. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa imekauka kabisa, ukiikunja inakatika. Oili inatoka kona ya nyuma ya kava, inateremka ubavuni mwa injini, inafika kwenye maungio ya gia boksi na ndipo inadondoka. Anayetazama kwa chini ataapa kwamba ni sili ya krenki.

Alipofunga mpya alipaka silikoni kidogo pale tu kava la cheni linapokutana na kichwa cha silinda, kwingine akaacha pakavu. Bolti alikaza kidogo kidogo kwa kuzunguka, maana zile zinataka nguvu ndogo ya kukaza, kama Nm 10 tu. Ukimwaga nguvu, kava linapinda au nyuzi zinang'oka kwenye alumini. Kisha akachomoa vali ya PCV, ile inayopumulia injini, akaitikisa sikioni isikike ikigonga, kimya. Imeganda kwa masizi. Akasema ikiziba hiyo, hewa ya ndani ya injini itatafuta njia, na itapitia kwenye gasketi niliyoinunua leo. Ikabadilishwa nayo. Sasa hivi pakavu.

Pwani Tele:
Ahsante kwa uzi, kaka. Mimi ni Wish ya 1ZZ. Oili imeloanisha upande wote wa cheni, kuanzia juu mpaka sampu, lile bakuli la oili la chini. Nikaambiwa kava la cheni lifunguliwe, kazi ya siku nzima na injini ining'inizwe. Jirani yangu ambaye ni fundi baharini, si wa magari, akaniambia tuoshe kwanza. Tukafunga mfuko wa plastiki kwenye alternator, tukapiga brashi na mafuta ya taa, tukasuuza, tukaacha ikauke. Tukapaka poda ya mtoto upande mzima, nikazunguka mtaa na kurudi. Poda yote nyeupe, isipokuwa mstari mmoja mweusi unaoanzia kwenye tensheni ya cheni, yaani kikaza cheni, ile iliyoshikwa na nati mbili za spana 10 pembeni ya injini.

Tatizo ni oring yake tu, kampira ka bei ya soda. Lakini jamani, tensheni hiyo haichomolewi na kurudishwa hivi hivi. Kuna pini inayotoka ndani kwa springi: unaisukuma irudi, unaifunga kwa kindoano chake, unairudisha, halafu unazungusha krenki kwa mkono ili kindoano kifyatuke na cheni ikazwe. Na ikiwa nje, mtu yeyote asiguse ufunguo wa gari! Cheni ikiruka meno utaikumbuka hiyo oring maisha yako yote.

Mama Wawili:
Yangu fupi. Natoka kubadilisha oili, nafika nyumbani taa nyekundu ya oili inawaka, nyuma yangu barabarani mchirizi. Nilizima palepale. Ile taa inaonyesha presha imeshuka, si ya kukumbusha kwamba oili imepungua kidogo. Kumbe walipofungua filta ya zamani, mpira wake ulibaki umenata kwenye injini, wakafunga filta mpya juu yake. Mipira miwili haishiki. Siku hizi sitoki pale bila kuona mpira wa filta ya zamani kwa macho yangu, wanichukie tu.

Gari la Mkopo:
Corolla 110 ya 5A, ile yenye distributa, kifaa cha kugawa moto kwenye plagi. Dalili zilezile za mleta uzi, oili kwenye shingo ya gia boksi. Distributa imekaa mwisho wa kichwa cha silinda, juu kabisa ya gia boksi, na oring yake ikichoka inalia machozi chini. Weka alama ya ilipokaa kabla ya kulegeza bolti, vinginevyo moto utapotea, yaani plagi zitawasha kwa wakati usio wake. Nusu saa, imekwisha.

Mwanagurudumu wa Nairobi:
Nyinyi mko na bahati. Mimi niko na Subaru Forester ya injini ya EJ20, na kwangu kweli ilikuwa nyuma. Mekanika akashusha gia boksi, akaweka sili mpya ya krenki, akarudisha. Wiki hazikupita nyingi, oili ikarudi. Wa pili alipofungua akanionyesha kitu ambacho wa kwanza alikipita tu: kuna kifuniko kidogo nyuma ya flaiwili (lile gurudumu zito kati ya injini na gia boksi), cha kutenganisha oili na hewa. Kwa Subaru nyingi za zamani kile kifuniko ni cha plastiki na hupinda kwa joto. Unaweka cha chuma, unapaka silikoni, unakaza skrubu zake. Kwa hivyo kama gia boksi iko chini tayari, ndugu zangu, tazameni vyote viwili, kwa sababu gharama kubwa hapo ni ya kushusha, sio spea.

Dereva wa Hiace:
Nyie mnaongelea petroli. Mimi Hiace ya dizeli, tumebadili sili ya mbele, ikaja ya nyuma, ikarudi ya mbele. Bosi akaanza kusema mafundi wananunua feki. Mpaka mmoja akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma: moshi unapiga mapigo kama treni. Dizeli kupumua kidogo ni kawaida, ile haikuwa kidogo. Ringi za pistoni zimeisha, moto unapita pembeni ya pistoni na kusukuma oili nje kwenye kila upenyo. Pale gundi na sili havisaidii, injini ilifunguliwa.

Binti Tanga:
Samahanini wakubwa, nina Passo. Chini hakuna hata tone, lakini nikikaa kwenye foleni nasikia harufu ya oili inayoungua, inaingia mpaka ndani. Kuna dawa ya kuzuia kuvuja nimeona dukani, ninunue?

Spana Kumi:
Dada, hiyo dawa iache dukani kwanza. Inalainisha mpira uliokauka, haizibi silikoni iliyoachia wala bolti iliyolegea. Harufu bila tone maana yake oili inadondokea kwenye ekzosi na kuungua kabla haijafika chini. Injini ikiwa ya baridi, ondoa ile ngao ya bati juu ya ekzosi, pitisha tishu nyeupe chini ya ukingo wa tapeti kava upande huo. Ikitoka nyeusi na mbichi, ni hapo. Pima oili asubuhi kwa kijiti kabla hujawasha, na kama ni chini ya alama usiendeshe kwenda mbali, maana oili ikimiminika nyingi kwenye ekzosi yenye moto inaweza kushika moto. Ukipata picha iweke hapa tuione.