Re: Ualimu Arviat, Nunavut: twende au tubaki?

Kutoka: Mama Bahati, Winnipeg

Wapendwa, hamjambo? Nimepata kazi ya kufundisha darasa la saba Arviat, kule Nunavut, kaskazini mwa Kanada, kuanzia Agosti. Mkuu wa shule na kamati ya elimu ya mji walinihoji kwa simu, wamenikubali, wanataka jibu wiki ijayo. Tuna watoto wawili, mmoja ana miaka tisa, mwingine minne. Mshahara unauzidi wa hapa, kuna posho ya kaskazini, na nyumba ya serikali tutapanga kwa bei nafuu. Wenzangu wa kanisani wanasema nimerukwa na akili.

Naomba wenye kujua mniambie habari ya chakula, baridi, watoto, na mume wangu, ambaye ni fundi umeme lakini cheti chake cha VETA, cha chuo cha ufundi Tanzania, hakijatambuliwa Kanada. Na wenyeji, yaani Wainuit, sisi weusi wanatupokeaje? Jibuni bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kutoka: Mwl. J., Kivalliq

Mama Bahati, salaam. Nafundisha mji mwingine wa ufuo huohuo wa magharibi wa Ghuba ya Hudson, na Arviat huwa nafika na timu za michezo za shule. Nitaandika kirefu, kaa na chai.

Kwanza chakula, maana ndicho kitakachoutafuna huo mshahara unaousifu. Nunavut ina miji na vijiji 25, na hakuna hata kimoja chenye barabara ya kukiunganisha na kingine, sembuse na kusini mwa Kanada. Kila kitu huja kwa ndege, au kwa meli katika ile miezi michache bahari ikiwa haijaganda, Julai hadi Oktoba hivi. Arviat kuna maduka mawili ya kutegemewa, Northern na Co-op. Serikali ina ruzuku inaitwa Nutrition North, ilianza 2011, inapunguza bei ya maziwa, mboga na vitu kama hivyo. Inapunguza, sikusema inashusha. Mara ya kwanza ukishika zabibu utazirudisha.

Dawa yake ni meli. Wenyeji wenye uwezo na karibu walimu wote huagiza mahitaji ya mwaka mzima: mchele, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, maharage, sabuni, nepi, karatasi za chooni. Vinapakiwa kwenye makreti ya mbao kule Valleyfield au Sainte-Catherine, karibu na Montreal, na kreti linashushwa mjini kwako. Siku hiyo mtaa mzima unasikia nyundo na misumari ikitolewa. Tarehe za mwisho za kupokea mzigo hazimsubiri mtu, kwa hiyo ukisema ndiyo wiki ijayo, simu ya pili iwe kwa kampuni ya meli. Unga wa dona usiutafute huku, nunua hukohuko Winnipeg, nusu uje nayo kwenye mabegi.

Nyama ni habari nyingine. Ukikaa vizuri na majirani utakula caribou wa porini (mnyama wa jamii ya kulungu), samaki anayeitwa char (mwekundu, mtamu kuliko samoni wote niliowahi kula), na ngozi ya nyangumi mweupe pamoja na mafuta yake, inayoliwa mbichi. Mimi hiyo ya mwisho ilinichukua muda. Caribou tunampika pilau na hakuna aliyewahi kulalamika.

Nyumba zimeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ardhi chini imeganda mwaka mzima, ukijenga moja kwa moja joto la nyumba litaiyeyusha. Kwa sababu hiyohiyo mabomba ya kuzikwa ni taabu, hivyo maji yanaletwa na lori kwenye tangi lililo ndani ya nyumba, na majitaka yanakaa tangi la pili hadi lori lingine lije kuyanyonya. Sasa sikiliza: tangi la majitaka likijaa, pampu ya maji safi inajizima yenyewe. Utakuwa na povu kichwani, bomba linakohoa, kimya. Dhoruba ikiwa imefunga mji siku mbili, malori hayatembei. Waliotoka Tandale au Kibera mbona wanalijua hili, weka ndoo na madumu yaliyojaa bafuni siku zote.

Baridi nayo haina maajabu ukivaa sawa. Januari inacheza kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, upepo ukiongezeka ngozi iliyo wazi inaganda kwa dakika chache. Usinunue koti la mapambo la dukani Winnipeg. Njoo na la kuanzia, kisha tafuta mama wa mjini akushonee parka na glavu, ulipe bei anayotaja. Giza pia watu hulikuza. Arviat iko kusini kwa kiasi chake, Desemba mnapata mwanga wa saa tano na nusu hivi kwa siku. Wanaokaa wiki kwa wiki bila kuliona jua ni wenzetu wa Pond Inlet na Grise Fiord.

Mnayosikia ya dubu weupe ni kweli. Vuli wanapita Arviat wakisubiri bahari igande, na mji una watu wa kuwafukuza usiku. Mwaka 2014 hata sherehe ya Halloween ilihamishiwa ukumbini ili watoto wasizungukie nyumba gizani. Wa miaka minne asichezee nje peke yake msimu huo.

Nimelimbikiza hayo yote kusudi nifike darasani, kwa sababu walimu wengi wanaorudi kusini kabla ya mwaka hawakushindwa na baridi.

Watoto wa huku wamezika walimu wengi. Simaanishi vifo. Namaanisha kila Agosti wanaletewa sura mpya, inawapenda, inawapiga picha, Juni inapanda ndege hairudi tena. Kwa hiyo Septemba hadi Desemba hawatakuonyesha kitu. Utadhani hawana akili, au wana kiburi. Unauliza swali, mtoto anainua nyusi tu. Hiyo ni ndiyo. Akikunja pua, ni hapana. Mwalimu asiyeliangalia uso wa mtoto anarudia swali mara tano na kuandika kwenye ripoti kwamba hashiriki. Utakaporudi Januari baada ya likizo, ndipo mlango unafunguka. Mimi nilishuka ndege nikakuta watatu wamekuja uwanjani kuhakikisha.

Halafu sauti. Ile sauti ya mwalimu wa zamu iache Morogoro. Kuna bibi huja kumchukua mwanafunzi wangu mmoja, na humwita "baba", kwa sababu mtoto amepewa jina la marehemu baba yake bibi. Sisi hatuhitaji kufafanuliwa hilo, kwetu pia mjukuu mwenye jina la babu ni babu, anatolewa hata kiti. Lakini wao wanakwenda mbele zaidi: ukimfokea yule mtoto, umemfokea mzee aliyebebwa na lile jina. Wazazi wa Kiinuit kwa desturi hawafokei watoto hata kidogo. Mtu mzima anayepandisha sauti wanamwona ndiye mtoto. Nimewaona walimu wa Kizungu na wa Kiafrika wakipoteza darasa zima kwa ukelele mmoja, na hawakulipata tena mwaka ule.

Kuna na historia, soma kabla hujafika. Bweni la Turquetil Hall pale Chesterfield Inlet, 1955 hadi 1969, liliwachukua watoto wa pwani hii mbali na wazazi wao, na waliopitia ni mababu na mabibi wa wanafunzi wako. Arviat penyewe wapo Waahiarmiut, watu wa Ziwa Ennadai, ambao serikali iliwahamisha kwa nguvu mara kadhaa tangu 1950, wengine wakafa njaa. Serikali ya Kanada ilikuja kuwaomba radhi hapohapo Arviat Januari 2019, juzi tu. Mzazi asipofika shuleni kwenye kikao, usiseme hajali elimu. Mfuate. Kanywe chai kwake.

Mei msimu wa kuwinda mabata bukini unaanza na madawati yatakuwa wazi. Usipigane nao. Omba uende nao.

Kutoka: Mzee wa Kibokoni, Iqaluit

Asalaam alaykum nyote. Mwalimu kasema, mimi nadokeza mawili. Kwa Waislamu, msikiti uko hapa Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, tangu 2016, Arviat mtasali nyumbani. Nyama ya halali agizeni kutoka kusini, friza kubwa ndiyo ndoa ya pili. Ramadhani za Juni, jua likizama karibu saa tano usiku na kuchomoza saa nane, wengi tulifuata saa za mji wa kusini. Miaka hii imeangukia Februari, raha mustarehe.

Pili, kuhusu weusi. Mtoto atakushika nywele, utaulizwa simba. Basi. Huku utahesabiwa mtu wa kusini kwanza, rangi baadaye, na Waafrika si wageni tena: madereva wa teksi, wauguzi, watu wa dukani. Kinachopimwa ni kama unasalimia.

Kutoka: Dada Neema, Edmonton

Mwl. J. nakuheshimu kaka yangu, ila umempendezeshea. Mimi nilifundisha kijiji kimoja cha Nunavut (sikitaji) mwaka mmoja nikaondoka, na sikuzikimbia nyusi. Niliukimbia upweke wa mume wangu. Mimi kutwa niko shuleni, nina watu. Yeye alikuwa na televisheni. Mama Bahati, la mumeo ndilo swali lako la kwanza, ulilipachika mwishoni. Na mimba je? Kule kuna kituo cha afya cha wauguzi, daktari anakuja kwa zamu, na mjamzito anapelekwa mbali wiki kadhaa kabla ya kujifungua. Ukiwa na mpango wa mtoto wa tatu, piga hesabu.

Kutoka: Mwl. J., Kivalliq

Neema, hapo umenishika, sina ubishi. Mume asiye na shughuli huku anaharibika. Lakini fundi wa umeme si mtu wa kukaa. Cheti kisipotambuliwa hatagusa nyaya za serikali, ni kweli, ila halmashauri ya mji, Co-op, uwanja wa ndege na shule yenyewe kila mara wanatafuta mikono. Aanze na yoyote huku akifuatilia mtihani wa ufundi. Pia anayejua kutengeneza skidoo (pikipiki za theluji) na yale mapikipiki ya magurudumu manne, ambayo huku yote yanaitwa Honda hata yakiwa Yamaha, hatakosa marafiki.

Kodi nusura nisahau. Kuna nafuu ya wakazi wa kaskazini: dola 11 kwa kila siku mliyokaa, na 11 nyingine kama ni mmoja tu anayedai kwa nyumba hiyo. Fomu ni T2222. Waulizeni pia kama nyumba ina samani, majibu yawe kwa maandishi.

Kutoka: Mama Bahati, Winnipeg

Nimesoma yote kwa sauti, mume wangu akisikiliza. Lililomwamsha ni Honda. Amesema kabla sijasaini ataongea na halmashauri ya Arviat yeye mwenyewe, kesho, saa za kazi, na wakimjibu vibaya tunabaki. Nimekubali, ni haki yake.

Mwl. J., nitumie namba ya kampuni ya meli faraghani. Kilo ngapi za dona kwa watu wanne kwa mwaka? Na kreti moja linatosha, au nianze na mawili?

Kutoka: Mwl. J., Kivalliq

Mawili. Na dona ongeza ya jirani, watakuja kuonja.