Invata inachemka kupanda Machame: nichepushe gesi ya AC iipoze?

Kibo_Volti: Wakuu, habari za jioni. Landkruza ya watalii, imetolewa dizeli ikawekwa mota ya umeme. Invata (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) ni ya kilowati 80, inapozwa kwa kulanti (maji ya rejeta), pampu ndogo na rejeta ya mbele. Toka Kwa Sadala kupanda Machame na abiria saba, invata inafika nyuzi 85 na kujikata nguvu nusu. AC ina kompresa ya umeme, gesi R134a. Nataka kuchepusha laini, gesi ipite kwenye bamba la shaba chini ya invata. Itakubali? Niongeze gesi kiasi gani?

FundiBaridi: Kinadharia inakubali. Kilo moja ya R134a ikichemka kwenye nyuzi 20 inameza kilojuli 180 hivi. Kilo ya kulanti, nusu maji nusu dawa ya kuzuia kuganda, inabeba 3.4 tu kwa kila nyuzi inayopanda. Ila usikate bomba bado. Invata yako ikipoteza asilimia 3 ya nguvu kama joto, hiyo ni kilowati 2.4. Kwa lita 10 za kulanti kwa dakika, tofauti ya kuingia na kutoka iwe kama nyuzi 4. Funga vipimajoto kwenye mabomba yote mawili, upande mlima, ulete namba.

Kibo_Volti: Kuingia 52, kutoka 63.

FundiBaridi: Tofauti 11! Hapo lita 4 kwa dakika hazifiki. Rejeta yako nzima, maji ndiyo hayatembei. Angalia hosi zilizopunguzwa kipenyo, elbo za nyuzi 90, na hewa. Invata ikikaa pale ilipokuwa injini, mara nyingi inakuwa juu kuliko rejeta na hewa inajificha humo. Tangi la akiba liwe juu kuliko vyote. Legeza hosi ya juu kabisa, washa pampu mpaka mapovu yaishe. Kabla ya kugusa chochote: zima, chomoa plagi ya usalama ya betri, subiri, kisha pima volti za invata. Isome chini ya volti 60.

Waya_Chungwa: Naongezea kuhusu hilo bamba. Upande wa kurudi kompresa ukisoma bar 2, gesi iko karibu na nyuzi 0. Masika hii shaba itatoa jasho kama chupa ya soda, na matone yataishia kwenye tamino za volti mia tatu na kitu. Ukitaka gesi lazima, weka chila ya mabamba (gesi na kulanti zinapita pembeni kwa pembeni bila kuchanganyika) yenye ekspansheni valvu yake, ile inayoshusha presha ya gesi; gesi ipoze kulanti, kulanti ipoze invata. Abiria nao wajue: kilowati 2.4 zinatoka kwenye ubaridi wao.

Kibo_Volti: Na oili, gesi?

Waya_Chungwa: Oili ya kompresa ni aina ya POE, ile iliyoandikwa kwenye kompresa. Aina ya PAG ya kawaida inapitisha umeme, mfumo utalia hitilafu ya insulesheni. Gesi pima kwa mizani, anza na kiasi cha kwenye stika, usikisie kwa geji. Na vakyumu (kunyonya hewa yote kabla ya kujaza gesi) ukiwa Moshi haifiki inchi 30 za zebaki kwenye geji, itagota kwenye 27 hivi. Arusha mjini 25 na kidogo. Ni mwinuko, sio kuvuja. Mshale ukirudi baada ya nusu saa pampu ikiwa imezimwa, hapo ndipo utafute tundu.

Kibo_Volti: Nimeikuta. Elbo mbili za nusu inchi mgongoni mwa invata. Kesho nazitoa.