Mtoto kapewa Clementi: ni nani, na nyumbani tumsaidieje?

Kutoka: Mama wa wawili, Leicester

Ndugu zangu, habari za wikendi. Mwalimu wa piano kaagiza Sonatina (kipande kifupi cha piano) op. 36 na. 1 (yaani kazi ya 36, namba 1) ya Muzio Clementi. Mtoto ana miaka 9. Sisi wazazi tunajua sol-fa ya kwaya tu, na kibodi iliyopo ni ya oktavu tano. Itatosha? Na Clementi mwenyewe ni nani?

Re: Kutoka: Mwalimu, Reading

Dada, salama. Clementi ni Mwitaliano, kazaliwa Roma mwaka 1752, baba yake mfua fedha. Alipokuwa kijana wa miaka kama 14, tajiri wa Kiingereza Peter Beckford alielewana na baba yake, akamchukua hadi Dorset. Alipewa chumba na chakula, naye akalipa kwa kuwapigia muziki wenye nyumba, miaka kama saba. Kwa maneno yetu, aliingia Uingereza kwa mkataba.

Baadaye akahamia London. Mkesha wa Krismasi wa 1781, huko Vienna, Mfalme Joseph II alimshindanisha na Mozart, na hakutangazwa mshindi. Mozart alimwandikia baba yake kwamba Clementi ni fundi wa mashine tu, hana hisia. Maneno makali, na mimi nayaona ya wivu kidogo: noti zinazofungua sonata ambayo Clementi alipiga usiku ule zinafanana sana na zile zilizotokea miaka 10 baadaye katika utangulizi wa Filimbi ya Ajabu, opera ya Mozart.

Ila alama yake kubwa ni ualimu na biashara. London alitengeneza piano na kuchapisha muziki. Mwaka 1807 alinunua kwa Beethoven haki za kuchapa kazi zake kadhaa Uingereza kwa pauni 200. Mwanafunzi wake John Field alipelekwa St Petersburg mwaka 1802, akawa anapiga piano za Clementi dukani ili wateja wasikie. Sonatina sita za op. 36 zilitoka mwaka 1797 kwa ajili ya wanaoanza, zimepangwa kutoka nyepesi kwenda ngumu.

Na piano nyingi za wakati ule zilikuwa na oktavu tano! Kwa hiyo kibodi yenu haitakosa noti. Itakosa kitu kingine, waliopo watakueleza.

Re: Kutoka: Kaka wa kwaya, Leeds

Sol-fa yenu ni mtaji, dada. Allegro (kipande cha kwanza, cha haraka) inaanza do-mi-do-so-so, do ikiwa C. Baada ya baa chache (vipimo vya muziki kati ya mistari wima, si ya bia) utaona F imepandishwa nusu: hapo so imegeuka do, tumehamia G. Baa ya 16 wimbo uleule unarudi, lakini mi imeshushwa, ni C ya huzuni. Baa ya 24 unarudi nyumbani oktavu moja chini. Mwimbisheni mtoto sehemu hizo nne kabla hajagusa kibodi.

Kinachoharibika kwa watoto wengi: wanachagua mwendo kwa kuangalia mwanzo, ambao ni mwepesi, kisha wanakwama kwenye skeli (noti zinazopanda au kushuka kwa mfuatano). Geuzeni. Chukueni baa za skeli peke yake, mkono wa kulia tu, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) 60 kwa kila noti ya robo. Zikipita mara tatu mfululizo bila kosa, pandisheni 4. Skeli ikikatika, tazameni kidole gumba: mara nyingi kinapita chini kwa kuchelewa na kiwiko kinaruka. Gumba lianze kusogea mara tu kidole cha pili kinapobonyeza.

Andante (kipande cha pili, cha polepole): mkono wa kushoto unapiga tatu-tatu, uwe chini kabisa ya wimbo. Vivace (kipande cha tatu, cha haraka) ni 3/8, hesabuni moja kwa kila baa, la sivyo inasikika kama cherehani.

Re: Kutoka: Fundi, Birmingham

Kibodi nyepesi haifundishi kidole uzito, na mtoto akifika kwa mwalimu sauti haitoki sawa. Tafuteni piano ya umeme yenye vibonyezo 88 vya uzito wa nyundo. Mkiishi ghorofani wekeni mkeka mzito wa mpira chini ya miguu yake, maana hata kwa hedifoni kishindo cha vibonyezo kinashuka kwa jirani.

Msikimbilie piano za bure za mtandaoni. Fungueni kifuniko cha juu. Mkiona safu ya nyaya wima mbele ya nyundo, kama tundu la ndege, ni ya kizamani: vizuia sauti viko juu, na mafundi wengi hawaipendi. Bonyeza noti moja uishikilie: ikiyumba kama king'ora, nyuzi za noti hiyo zimeachana sauti. Nyingi zikiwa hivyo, huenda mbao inayoshika pini imepasuka, na kutyuni hakutadumu wiki. Iliyo nzima huhitaji kutyuniwa mara mbili kwa mwaka, na kuwekwa mbali na radieta. Na ina kilo zaidi ya 200, ngazi zipimwe kwanza.

Re: Kutoka: Mwalimu, Reading

Nimesahau jambo. Mkipakua nakala ya zamani ya Kiingereza, angalieni namba za vidole. Zamani huko gumba liliandikwa +, na 1 ni kidole cha shahada. Mtoto akisoma kwa mtindo wa leo, kila kidole kitakosea kwa nafasi moja. Pia Clementi mwenyewe aliirekebisha op. 36 miaka ya baadaye, akapandisha baadhi ya sehemu oktavu juu, kwa hiyo muulizeni mwalimu anatumia toleo lipi kabla ya kununua.