GPS ya motohomu (gari la kulala ndani) imenipandisha mlima wa Bealach na Bà halafu katikati ya kona inaniambia GEUZA GARI

Wakuu naandika hapa mikono bado inatetemeka, niko Applecross, Scotland, nimepaki karibu na bahari, mama mkwe yuko nyuma kalala na viatu na kagoma kula. Mods naomba msiunganishe huu uzi na ule wa "GPS gani nzuri", mi siulizi GPS gani nzuri, mi nasema kuna watu wanatakiwa kufikishwa mahakamani.

Wenyewe mnawajua, sitaji jina. Wale wa tangazo la familia inacheka pembeni ya ziwa. Kidude chao bei juu kuliko GPS za magari madogo kwa sababu moja tu, eti hii ni ya motohomu, unaijazia urefu wa gari, upana, urefu wa kwenda juu, uzito, halafu yenyewe ndo inajua wapi upite na wapi usipite. Nikajaza vyote! Mita 7 na nusu, upana 2.3, kwenda juu 3.1, tani 3 na nusu. Nimepima kwa tepu mwenyewe, sijakisia.

Sasa tunatoka Lochcarron tunaenda Applecross. Njia ziko mbili. Moja inazungukia Shieldaig inafuata pwani, ndefu ila inapitika. Nyingine inakata mlima, ndo hiyo Bealach na Bà, inatoka huku chini karibu na bahari inapanda mpaka mita 626, mwinuko 1 kwa 5, barabara upana wa gari moja, na kule juu kuna kona za kujikunja ambazo ukiwa kwenye usukani unasoma pleti namba yako ya nyuma. Kidude chenye vipimo vyote vya gari langu kikachagua ipi? MLIMA. Hata mlio wa onyo hamna.

Nikapanda. Kona ya kwanza sufuria zimetoka kabatini. Inayofuata, katikati kabisa, nakutana na motohomu nyingine inashuka, nyuma yangu foleni mpaka Edinburgh, upande mmoja mlima, upande wa pili hamna kitu wakuu, HAMNA KITU, kuna kireli cha chuma na hewa. Nimevuta handbreki, klachi inanuka, mama mkwe anasoma Ayatul Kursi kwa sauti, watoto kimya, na ndo hapo kidude kinafungua mdomo na ile sauti yake ya mhudumu wa benki: "Geuza gari itakapowezekana."

GEUZA GARI. Gari la mita 7 na nusu kwenye barabara ambayo nikifungua mlango nakanyaga hewa!! Nigeuzie wapi? Na kikarudia. Mi nahangaika na rivasi, kuna mzee wa baiskeli kashuka ananielekeza kwa mkono, njoo, njoo, simama, mpaka sehemu ya kupishania, na muda wote ule kidude kinaimba geuza gari, geuza gari, mpaka mama watoto akakichomoa waya.

Nimefika nimewaandikia. Jibu limekuja fasta, asante kwa maoni yako, tafadhali hakikisha ramani zako zimesasishwa. Zimesasishwa! Mlima ule uko pale tangu dunia iumbwe, ramani gani mpya inataka kuugundua? Nawauliza na nyie, nigeuzie wapi?

Siti_ya_Dirishani: Nawahi siti ya mbele

Kalamu_Chuma: Uzi bila picha ni chai. Tupia picha ya hiyo kona tuone hiyo HAMNA KITU

Mleta uzi: Picha nipige na mkono upi mkuu? Mmoja usukani mwingine handbreki.

Mjukuu_wa_Kitonga: Pale chini Tornapress kuna bango kubwa linasema wanaojifunza udereva, magari makubwa sana na karavani hawashauriwi kupita. Hukuliona? Sisi mlima Kitonga kule Iringa tunapanda na semi ina mzigo na mvua juu, we unalia na kigari cha kulala

Mleta uzi: Bango nimeliona. Linasema magari "makubwa sana". Mita 7 na nusu ni kubwa sana au kubwa kiasi? Si ndo swali nililonunulia kidude kinijibu! Na Kitonga usilete hapa, Kitonga mnapishana mabasi, huku unapishana na kondoo unafunga kioo cha pembeni. Kitonga nani aliwahi kukwambia geuza gari kwenye kona?

Mpimaji_Ardhi: Shida iko hivi. Hivi vidude vinasoma makatazo: daraja la chini ambalo gari la juu halipiti, mwisho wa uzito, mwisho wa upana. Lile bango la Bealach ni ushauri, barabara haijapigwa marufuku kwa motohomu, kwa hiyo kwenye data yao njia iko wazi kabisa na ni fupi. Vipimo ulivyojaza vinakuokoa na daraja, kona havikuokoi.

Mleta uzi: Basi waandike kwenye boksi kwa herufi kubwa, HAIJUI KONA. Wameandika wapi?

Dada_wa_Exeter: Hao hao kaka yangu! Mimi walinipitisha vichochoro vya Devon, kuta za majani pande zote mbili, kioo changu kimebaki huko mpaka leo. Pole sana, na mpe pole mama mkwe.

Baltimore_Finest: Kona tu mnalia? Huku Baltimore, Marekani, motohomu yenye mitungi ya gesi haipiti kwenye mahandaki ya chini ya bandari, tulikuwa tunazungukia Daraja la Francis Scott Key, Machi 2024 meli ikaligonga likaanguka, sasa ni kulizunguka jiji lote. Kidude changu baada ya pale kikaendelea kunituma darajani. We umeambiwa geuza, mi naambiwa niingie majini

Mzee_wa_Durham: Na huku North Carolina kuna daraja la reli, nafasi ya gari kupita chini yake ilikuwa futi 11 na inchi 8, 2019 wakaliinua mpaka 12 na inchi 4, malori bado yanachunwa paa

Kalamu_Chuma: Futi ndo nini? Sema mita watu waelewe

Mzee_wa_Durham: 3.76. Shule mlienda kufanya nini

Mama_Salma_Luton: Mleta uzi tani 3 na nusu ni pamoja na tenki la maji, gesi, watoto na mama mkwe? Maana umeshazidi hapo. Leseni ya gari dogo ya kuanzia Januari 1997 mwisho kilo 3,500.

Mleta uzi: Nani kaongelea leseni? Nimeambiwa GEUZA GARI kwenye mwamba mama.

Mgeni_Njoo: Samahani kutoka nje ya mada, mi nina leseni ya Bongo nimefika Uingereza juzi, naweza kukodi hizo motohomu?

Mama_Salma_Luton: Leseni ya nyumbani unaendeshea miezi 12 tangu uwe mkazi, baada ya hapo ni mtihani upya. Ila wakodishaji wengi wana masharti yao ya umri, waulize kwanza.

Nairobi_Reading: Ya Kenya pia hawabadilishi. Nimeendesha matatu Thika Road miaka yote hiyo, nikaangushwa hapa eti sikuangalia kioo

Dada_wa_Exeter: Mimi waliniangusha raundabauti. Raundabauti!

Mgeni_Njoo: Na tarehe ya mtihani inachukua muda gani kupata?

Nairobi_Reading: Wacha tu ndugu yangu, fungua uzi wako tukuhadithie