Chuo cha Chicago kilichofuta mpira wa Kimarekani

Mkazi wa Kirumba: Wakuu, mdogo wangu anasoma chuo binafsi Nyegezi na anacheza kikapu. Jana tukila sangara mwaloni kanibishia kwamba chuo kikikazania masomo, michezo lazima ife. Mfano wake ni University of Chicago. Kweli?

Mwalimu Mstaafu, Igogo: Nusu kweli, mwanangu. Chuo kilianzishwa 1890, kocha wa mpira wa Kimarekani, Amos Alonzo Stagg, akaanza kazi 1892. Mchezaji wao Jay Berwanger ndiye wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa mpira huo vyuoni Marekani, 1935. Kisha 1939 mkuu wa chuo, Robert Hutchins, akafuta mpira huo chuoni. Chini ya majukwaa ya uwanja wa timu uliobaki mtupu, Desemba 1942, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake wakawasha tanuri la kwanza la nyuklia, matofali ya grafaiti yamepangwa tabaka kwa tabaka. Huwa nasisimka nikifikiria hilo! Timu ilirudi 1969.

Kocha wa Mtaa: Shikamoo mwalimu. Mwambieni na Loyola, chuo cha Wajesuiti jiji hilohilo. 1963 walibeba ubingwa wa kikapu wa vyuo vya Marekani, 60-58 dhidi ya chuo cha Cincinnati, dakika za nyongeza. Wanne kati ya watano walioanza walikuwa Weusi.

Mkazi wa Kirumba: Asanteni sana. Jioni namsomea haya kabla hajaenda mazoezini.