Nina shilingi 2,500,000: nitangulize besi nzuri au amplifaya kubwa?

Mpiga besi wa Arua aliuliza:

Ndugu wanamuziki, salaam. Ninapiga gitaa la besi katika bendi ya watu sita hapa Arua, Uganda. Kazi yetu ni kupiga nyimbo ambazo watu wanazijua tayari: za Lingala kwa wingi, kwa kuwa Kongo iko jirani na wateja wetu wengi wamekulia katika rumba, za bendi ya Afrigo ambazo wazee huziomba kila tunapopanda jukwaani, rege kiasi, na za injili tukialikwa harusini. Ijumaa tuko hotelini, na Jumamosi mara nyingi tuko uwanjani chini ya mahema, umeme ukitoka kwenye jenereta.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitumia besi ya kanisa. Sasa vijana wa kanisani wameanza mazoezi yao Ijumaa jioni na chombo kinahitajika huko, kwa hiyo sina budi kununua changu. Nimeweka akiba ya shilingi 2,500,000 na mwezi ujao nitapanda basi kwenda Kampala. Ningependa kwenda nikiwa nimeshaamua, kwa sababu nikirudi na kitu kisichofaa, kukirudisha dukani kutanigharimu safari nyingine ya usiku kucha.

Wenzangu wamegawanyika. Mpiga gitaa la solo ananishauri ninunue besi ya nyuzi 5 yenye betri, kwa sababu dada anayetuimbia hushusha nyimbo nyingi hadi D na hata C, na huko chini uzi wangu wa E hauniruhusu kufika. Mpiga kinanda anasema nichukue besi ya kawaida ya nyuzi 4, hata iliyotumika, kisha fedha zote zinazobaki niziweke kwenye amplifaya kubwa, kwa kuwa Jumamosi hakuna anayenisikia. Ninyi mliotangulia katika kazi hii, mngeanza na kipi?

Fundi mitambo wa Kampala alijibu:

Mdogo wangu, nimepiga besi kwa miaka mingi na sasa ninakaa zaidi nyuma ya mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, kuliko mbele ya jukwaa, kwa hiyo nitakueleza ninachokisikia kutoka pande zote mbili.

Jambo la kwanza ni kujua sauti yako inapita wapi kabla ya kumfikia msikilizaji. Hotelini na katika kumbi nyingi, besi haimfikii kupitia amplifaya yako, bali huingia kwenye mikisa na kutokea kwenye spika kubwa za ukumbi. Kwa hiyo kitu kidogo ambacho hakuna rafiki yako aliyekitaja, yaani kisanduku cha DI, kinachopokea mawimbi ya besi na kuyapeleka kwenye mikisa, ndicho kinachoamua iwapo sauti itafika safi au itafika ikiwa imejaa mvumo. Tafuta kile kinachoweza kutumia betri ya volti 9 na pia umeme wa volti 48 unaotumwa na mikisa kupitia waya wa maikrofoni, maana mikisa nyingine ndogo hazina hizo volti 48, na utashukuru kwamba ulibeba betri. Kiwe na kitufe cha kukata waya wa ardhi, kwa sababu mvumo mwingi wa jukwaani huzaliwa pale ambapo amplifaya na mikisa zimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti. Kitufe hicho hukata njia ya waya wa mawimbi peke yake. Usikubali kamwe mtu akukatie pini ya ardhi kwenye plagi ya amplifaya ili kuondoa mvumo, hata kama fundi huyo ni rafiki yako. Nimemwona mwimbaji akirushwa na umeme midomoni alipogusa maikrofoni huku mkono wake ukiwa juu ya nyuzi za gitaa, na kisa chake kilikuwa pini ya namna hiyo.

Kuhusu nyuzi 5, mpiga solo wenu ana hoja, lakini haijakamilika. Uzi wa E ulio wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na uzi wa B wa besi ya nyuzi 5 takriban mara 31. Spika ndogo ya inchi 10 ndani ya boksi jepesi, na hata spika nyingi za kukodi zinazoletwa harusini, haziwezi kuitoa sauti hiyo ya chini kabisa. Sikio huibuni kutokana na sauti za juu zinazoandamana nayo. Kwa maneno mengine, unaweza kulipia uzi ambao Jumamosi hakuna atakayeusikia. Wimbo ukishushwa hadi D, legeza uzi wa nne kutoka E hadi D na ujizoeze kuhamisha vidole freti mbili (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) kwenye uzi huo mmoja. Ukishushwa hadi C, cheza C ya freti ya 3 kwenye uzi wa A. Katika rumba hutapoteza kitu, kwa sababu besi ya rumba huishi kwa nafasi inazoziacha na kwa jinsi inavyojibizana na gitaa, na kina chake si jambo kubwa. Wimbo ukifika seben, ile sehemu ya kasi ya kucheza dansi, mikono ndiyo itakayokuhukumu.

Kuhusu gitaa lenyewe, mazingira yako ya jenereta yananifanya nipendekeze umbo la Precision, ambalo kampuni ya Fender ililitoa mwaka 1951. Tangu 1957 pikapu yake, kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi, imegawanywa vipande viwili vinavyofuta mvumo vyenyewe, na huhitaji betri inayoweza kuisha katikati ya wimbo wa maharusi. Umbo la Jazz, lililokuja mwaka 1960, ni zuri pia na shingo yake ni nyembamba zaidi, ila pikapu zake mbili hunyamaza tu ukizifungua kwa kiwango kimoja, na ukipunguza mojawapo mvumo hurudi. Si lazima jina liwe la Fender, kwa kuwa Yamaha na Squier hutengeneza besi ambazo zitakutumikia kwa miaka. Ukikuta jina kubwa kwa bei ya kushangaza, jiulize kwanza kama ni la kweli.

Dukani, usianze kwa kuomba amplifaya. Shika besi kama mtu anayelenga bunduki, uitazame shingo kuanzia kwenye daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini, kuelekea kwenye vigingi vya kukazia nyuzi, na uone kama imepinda au imejisokota. Kisha piga freti moja baada ya nyingine kwenye kila uzi, bila kuruka hata moja, ukisikiliza inayokwaruza au inayokufa mapema. Kama umeme umekatika, egemeza kichwa cha besi kwenye mlango wa mbao na upige, nawe utashangaa jinsi mlango unavyokupa sauti. Mwisho, linganisha mlio wa juu wa uzi ukiguswa tu kwenye freti ya 12 na sauti ya uzi huohuo ukibanwa hapohapo. Zikitofautiana kidogo, fundi atazisawazisha kwenye daraja. Zikitofautiana sana, na daraja limekwisha kusogezwa hadi mwisho, liache gitaa hilo.

Mpiga besi wa Jinja alijibu:

Kwa heshima zote kwa kaka wa Kampala, ambaye maneno yake kuhusu pini ya ardhi ningependa yasomwe na kila mtu, ninaona ameongea kama mtu anayefanya kazi mahali ambapo mitambo ipo na fundi yupo. Ndugu yetu wa Arua amesema Jumamosi yuko chini ya mahema. Huko, spika za kukodi huwekwa kwa ajili ya msema chochote na muziki wa kompyuta, na bendi hupewa njia zilizobaki. Nimepiga sherehe ambapo fundi aliniambia waziwazi kwamba hana njia ya besi. Nisingekuwa na amplifaya, ningesimama pale kama pambo.

Kwa hiyo mimi naunga mkono amplifaya, si lazima iwe kubwa mno, bali ile yenye wati 100 na kuendelea na spika ya inchi 12 au 15, iliyo na tundu la kutolea mawimbi kwenda kwenye mikisa. Amplifaya yenye tundu hilo itakuwa pia kisanduku cha DI, na hapo utakuwa umeokoa fedha. Angalia nyuma yake pameandikwa volti ngapi. Umeme wetu ni wa volti 240, na mashine iliyotoka Marekani iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee itaungua dakika ileile utakapoichomeka. Siku moja ukipata uwezo wa kuongeza boksi la pili, soma omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, kabla ya kuunganisha: maboksi mawili ya omu 8 yakiungwa pamoja huwa omu 4, na amplifaya nyingi za besi haziruhusu kushuka chini ya hapo.

Jenereta nayo ina hila zake. Mafuta yanapokaribia kuisha, volti hupanda na kushuka, na amplifaya yangu ya kwanza ilikufa hivyo, katikati ya wimbo, baada ya taa kufifia mara mbili na mimi nisielewe kwamba ilikuwa ishara. Sasa ninabeba stebilaiza, kifaa cha kutuliza volti, na nikiona taa zinafifia ninazima mashine bila kumwomba mtu ruhusa.

Mpiga dramu wa Gulu alijibu:

Niongeze moja tu kutoka nyuma ya dramu. Msikilizaji asipoisikia besi anaweza kuvumilia, lakini mimi nisipoisikia bendi nzima inayumba, kwa sababu mguu wangu wa kulia unaufuata mkono wako. Chochote utakachonunua, kiweke karibu nami, kikiwa kimeinuliwa juu ya kiti au kreti, kielekee masikioni na si magotini. Amplifaya ndogo iliyoinuliwa imenisaidia kuliko kubwa iliyowekwa chini kwenye nyasi.

Mpiga besi wa Arua aliandika tena:

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Nilikwenda Kampala na nimerudi salama. Nimenunua besi ya nyuzi 4 ya umbo la Precision, iliyotumika, ambayo ina alama ya kugongwa ubavuni lakini shingo yake imenyooka. Duka la kwanza walinionyesha nyingine iliyong'aa mno, na ilipofika freti ya 14 ya uzi wa G ikawa inatoa sauti kama kijiko kikigonga sahani. Ile niliyoichukua niliijaribu kwa kuegemeza kichwa chake mlangoni, kwa sababu kweli umeme ulikuwa umekatika, na mwenye duka mwenyewe akaja kusikiliza.

Nilipata kisanduku cha DI cha betri, seti moja ya nyuzi mpya, na zimebaki shilingi 900,000 ambazo nimeziweka kwa ajili ya amplifaya, kwa sababu maneno ya ndugu wa Jinja yameniingia. Mpaka hapo, mpiga kinanda amekubali nitumie njia ya pili ya amplifaya yake, nasi tumeiweka juu ya kreti kama tulivyoelekezwa. Jumamosi iliyopita nililegeza uzi hadi D kwa mara ya kwanza jukwaani. Nilikosea mara mbili, kisha mkono ukazoea, na dada alipogeuka kunitazama niliona ameisikia.

Ninabaki na swali moja. Nyuzi za zamani zilizokuwa kwenye besi hii ni laini, hazina mikwaruzo ya kawaida, na sauti yake ni nzito na fupi. Niziache au nifunge zile mpya?

Fundi mitambo wa Kampala alijibu:

Hizo ni nyuzi bapa, mdogo wangu, na usizitupe. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, Marekani, alitumia nyuzi za aina hiyo kwenye Precision yake, tena kwa kidole kimoja, na hakuwa mtu wa kuzibadilisha. Kwa rumba ya zamani, kwa rege na kwa nyimbo za Afrigo zitakufaa sana. Weka zile mpya kwenye mfuko wa besi, kwa siku ambayo uzi utakatika au bendi itaamua kupiga nyimbo zinazotaka sauti kali. Zikishatumika zikachakaa, zichemshe dakika 10 katika sufuria ya maji safi, zipanguse na uziache zikauke kabisa kabla ya kuzifunga, nazo zitakupa wiki kadhaa za ziada. Zile bapa zenyewe usizichemshe. Pitisha kitambaa kikavu juu yake kila unapomaliza kupiga, uzi mmoja mmoja, hadi chini ya kidole kusiwe na jasho.